Ahadi za usawa kwa mashoga: mnajuaje ipi ya kweli na ipi kilemba cha ukoka?

Dada wa Daftari

Wadau, habari za leo. Someni mpaka mwisho kabla hamjaokota mawe.

Mdogo wangu wa kiume ni shoga. Natumia neno hilo kwa sababu yeye mwenyewe analitumia, na hucheka kwamba sisi wanawake tukiitana "shoga" hakuna anayekunja uso. Ana miaka 34, mimi 41. Kila uchaguzi ukikaribia hunipigia simu tukabishana wee, nani anafaa, nani msanii, mpaka chaji inaisha. Safari hii kura ni wiki ijayo na hajabishana. Kasema tu, "Dada, mimi siendi. Tumepigwa kalenda vya kutosha." Akakata.

Mimi ni mhasibu, na kitu ambacho hakijaandikwa pande mbili kwangu hakipo. Usiku ule nikafungua daftari jipya, nikapiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto walichoahidi, kulia walichofanya. Sikuanza na wagombea wetu, maana nina hasira nao, na mwenye hasira hafungi hesabu. Nilianza na watu wa mbali ambao wino wao umeshakauka.

Ukurasa wa kwanza ni wa Bill Clinton. Kwenye kampeni ya 1992 aliahidi kuondoa marufuku ya wapenzi wa jinsia moja katika jeshi la Marekani. Kilichotoka mwaka 1993 ni utaratibu ulioitwa "Usiulize, Usiseme": tumikia, ila ujifiche, ukijulikana, nje. Mpaka unafutwa mwaka 2011 ulikuwa umewatoa jeshini watu zaidi ya 13,000. Na mwaka 1996 rais yuleyule akatia saini sheria ya kuizuia serikali kuu isitambue ndoa za jinsia moja. Sasa hesabu hiyo naifungaje? Kushoto nimeandika "atawafungulia mlango", kulia nimeandika idadi ya waliotolewa nje.

Ukurasa wa pili, Joyce Banda wa Malawi. Mei 2012, akiwa na wiki chache tu madarakani, alilihutubia bunge akasema sheria inayoharamisha mapenzi ya jinsia moja itafutwa. Mwaka haujaisha akasema wananchi hawajawa tayari. Novemba waziri wake wa sheria akatangaza kwamba polisi wasimame kuwakamata watu wakati sheria inaangaliwa upya, siku chache baadaye akakana. Upande wa kulia wa ukurasa huo niliandika kwa penseli, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta, karatasi ikatoboka.

Halafu kuna aliyeniharibia daftari lote: Angela Merkel, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani. Upande wa kushoto hana kitu. Miaka yote alikuwa hataki ndoa ya jinsia moja na hakumdanganya mtu. Jumatatu moja ya Juni 2017 akaulizwa swali hadharani, akajibu kwamba pengine wabunge waachwe wapige kura kila mtu na dhamiri yake. Ijumaa ya wiki hiyohiyo, tarehe 30, bunge la Ujerumani likapitisha kwa kura 393 dhidi ya 226. Yeye mwenyewe akapiga kura ya hapana! Hakuahidi, hakuafiki, na jambo likafanyika ndani ya siku tano. Mhasibu gani atafunga hesabu hiyo?

Ukurasa unaoniuma ni wa Uingereza. Julai 2018 serikali ya Theresa May iliahidi kupiga marufuku zile zinazoitwa tiba za kumgeuza shoga asiwe shoga. Akaondoka. Akaja Johnson, ahadi ikaingia kwenye hotuba ya Malkia ya 2021. Machi 2022 ikavuja habari kwamba wameitupa. Kelele zikapigwa, jioni ileile wakasema hawajaitupa, ila watu waliobadili jinsia wamewekwa kando. Akaja Truss, akaja Sunak. Hotuba ya Mfalme ya Novemba 2023 haikuutaja muswada huo kabisa. Uchaguzi wa 2024 ukafika hakuna sheria, na chama kilichoingia kikaja na ahadi ileile kama nguo ya mtumba iliyopigwa pasi.

Unaniuma kwa sababu mdogo wangu alipokuwa na miaka 19 alipelekwa mahali kwa wiki tatu "akaombewe na kushauriwa". Aliyempeleka alikuwa mtu wa kwetu, na mimi nilikuwepo wakati begi linafungwa. Alirudi akiwa amekonda, na kwa mwaka mzima alikuwa akiniita kwa jina badala ya dada.

Swali langu basi. Kuna namna ya kuitazama ahadi ya aina hii kabla ya kupiga kura, ukajua hii ina mwili na hii ni danganya toto? Msinijibu "wanasiasa wote waongo". Hiyo ninayo tayari, ukurasa wa jalada.

Mzee wa Kijiweni

Umetuzuia kujibu jibu lenyewe, halafu unataka jibu.

Haya binti yangu. Mwanasiasa ni bendera, usiitazame bendera, tazama upepo. Obama mwaka 2008 alisema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Mei 2012 akasema wapenzi wa jinsia moja waruhusiwe kuoana. Moyo wake ulibadilika? Labda. Mimi najua kura za maoni zilibadilika. Na wale wa Australia ndio kichekesho: wabunge wanalipwa kutunga sheria, lakini mwaka 2017 wakawatumia wananchi karatasi kwa posta wawaulize kwanza. Asilimia 61.6 wakasema ndiyo, Desemba sheria ikapita mbio. Walikuwa wakingoja nini, kama si upepo?

Mwambie mdogo wako aende kwenye kura akiwa hana matumaini. Nimefanya hivyo miaka 40 na afya yangu nzuri.

Karani wa Miswada

Shikamoo mzee, ila hapa nakupinga. Upepo ni sehemu tu.

Dada, nimefanya kazi ya kuandika miswada miaka 22. Sitataja wapi wala kwa nani. Daftari lako lina kasoro moja: lina safu mbili na linahitaji tatu. Ya tatu ni hii, kalamu iko mkononi mwa nani?

Chukua Biden. Kwenye kampeni ya 2020 alisema Muswada wa Usawa, ule wa kuzuia ubaguzi kwenye ajira, nyumba na huduma, angeutia saini ndani ya siku 100. Baraza la Wawakilishi likaupitisha Februari 25, 2021, kura 224 kwa 206. Ukaenda Seneti, ukalala, na haukuamka. Kule kufunga mjadala kunahitaji kura 60 na upande wake ulikuwa na 50. Hesabu hiyo angeifanya mtoto wa darasa la tatu. Kwa hiyo ile ya siku 100 ilikuwa ahadi juu ya kalamu ya mtu mwingine. Sisemi alidanganya, maana alikuwa tayari kutia saini. Nasema aliahidi mvua.

Sasa tazama zile zilizohitaji kalamu yake tu. Siku ileile ya kuapishwa alitoa amri dhidi ya ubaguzi katika shughuli za serikali kuu. Siku tano baadaye akaondoa marufuku ya waliobadili jinsia jeshini. Upesi hivyo! Lakini wino wa amri ni wino wa chaki: Januari 20, 2025 rais aliyefuata akaifuta ile ya kwanza siku yake ya kwanza, na ya jeshi akaigeuza kabla wiki mbili hazijaisha. Mtu akikuahidi amri, mwulize itaishi muda gani baada yake.

Na iko ahadi inayopita kwa sababu imepunguzwa mwili. Desemba 2022 Biden huyohuyo alitia saini sheria ya kulinda ndoa, zikiwemo za jinsia moja. Ilipata kura 61 Seneti. Ilipataje? Haikulazimisha jimbo lolote kufungisha ndoa; ilisema tu kwamba ikishafungwa halali mahali, itambuliwe. Wenye haraka waliiita nusu mkate. Mimi niliyeandika miswada naiita kazi nzuri, maana nimeona mikate mizima mingi ikiota ukungu kwenye kabati la kamati.

Ukitaka ahadi iliyokuwa na mwili tangu mwanzo, nenda Shelisheli. Februari 2016 Rais Michel alisema kwenye hotuba yake ya mwaka kwamba kile kifungu cha kikoloni kinachoharamisha mapenzi ya jinsia moja kitaondolewa. Mei 18 bunge likapiga kura, 14 kwa sifuri. Chama chake kilikuwa na karibu viti vyote, na hotuba haikuwa ya kampeni. Ilikuwa kauli ya mtu mwenye kalamu mkononi.

Halafu soma muswada mpaka chini kabisa, huko ndiko tunakoficha vitu (ndiyo, tunaficha, na mimi nimeficha). Singapore mwaka 2022 bunge lilikifuta kifungu cha 377A, kile cha kuharamisha mapenzi ya wanaume kwa wanaume, watu wakalia kwa furaha. Siku hiyohiyo ya Novemba 29 likabadili na katiba ili mahakama zisije zikaipanua maana ya ndoa. Mlango ukafunguliwa na dirisha likapigwa misumari, kazi ya siku moja.

Muumini

Mimi siungi mkono mambo haya, dini yangu hainiruhusu, na sitajifanya. Lakini nauliza kwa heshima: wananchi wengi wakiwa hawataki, kiongozi asipotimiza ana kosa gani? Huyo mama wa Malawi mnamlaumu bure.

Dada wa Daftari

Muumini, asante kwa kuuliza bila matusi. Kosa lake ni dogo tu: asiahidi. Merkel hakuahidi na simlaumu. Mtu akija kukopa kura yangu kwa ahadi, asije baadaye kuniambia jirani yangu alikuwa hataki nilipwe.

Karani wa Miswada

Niongezee hapo. Wananchi kutotaka si lazima kuwe mwisho wa habari. Tsai Ing-wen wa Taiwan alitangaza kwenye kampeni yake kwamba anaunga mkono ndoa hizi, akashinda urais mwaka 2016, halafu akapoa. Wanachama wake wenyewe waligawanyika. Kilichomwamsha ni mahakama: Mei 24, 2017 ilisema sheria iliyopo inavunja katiba, bunge lina miaka miwili kurekebisha. Novemba 2018 kura ya maoni ikapigwa na wengi wakakataa. Bado mahakama ilikuwa imeweka tarehe. Mei 17, 2019, wiki moja kabla ya muda kwisha, bunge likapitisha sheria ya peke yake, kura 66 kwa 27. Serikali iliepuka kuigusa sheria ya ndoa ambayo wapigakura walikataa iguswe, na hukumu ikatekelezwa. Ujanja mtupu, ila ujanja wenye matunda.

Afrika Kusini vilevile. Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu Desemba 1, 2005 ikawapa wabunge mwaka mmoja. Sheria ilianza kutumika Novemba 30, 2006. Haya, hesabuni wenyewe zilibaki siku ngapi. Katiba ile ilikuwa imetaja mwelekeo wa kimapenzi tangu 1996, na bado ilibidi watu waende mahakamani, na miaka kumi ikapita mpaka sheria ikapatikana. Mimi ahadi isiyo na tarehe huwa siihesabu. Na tarehe iliyowekwa na mdaiwa mwenyewe naihesabu nusu.

Nimechoka Kungoja

Naomba nami niseme, ingawa nyote mnazungumza kama watu wenye vitambulisho vilivyo sawa.

Mimi ni mwanamke niliyebadili jinsia. Uchaguzi uliopita mgombea mmoja alinishika bega, akashika na bendera ya upinde wa mvua, tukapigwa picha. Alitabasamu vizuri, meno yote. Ahadi yake ilikuwa kwamba mtu ataweza kubadili jinsia kwenye hati bila kupelekwa mahakamani. Akashinda. Nimemwandikia barua tatu. Zote zimejibiwa "tumepokea barua yako". Ile picha ilikaa kwenye ukurasa wake miezi minne, siku moja nikaitafuta nikakuta pale pana picha ya daraja.

Karani anasema kalamu. Sawa. Lakini kuna kalamu ya tatu ambayo hamkuitaja, ya yule karani mdogo wa dirishani. Msumbiji ilianza kutumia kanuni mpya ya adhabu mwaka 2015 na kile kifungu cha Wareno hakimo tena. Safi. Chama cha Lambda, cha kutetea haki za mashoga, kilichoomba kusajiliwa tangu 2008, kilibaki bila usajili miaka mingi baada ya hapo. Hakikukataliwa kwa kishindo, faili tu lilikaa. Na hiyo Afrika Kusini mnayoisifu: sheria ya 2006 iliwaachia wafungishaji ndoa wa serikali nafasi ya kusema dhamiri yangu hairuhusu, na nafasi hiyo ilifutwa mwaka 2020. Miaka 14 mtu ana haki ya kuoa na anazungushwa kutafuta dirisha lenye dhamiri nyepesi.

Kwa hiyo mgombea akija kwangu sasa simwulizi msimamo. Namwuliza fomu itakuwa na kurasa ngapi, nani ataipokea, na nikikataliwa nalalamika wapi, kwa siku ngapi. Wengi hapo hutazama saa. Mmoja tu, wa chama nisichokipenda hata kidogo, alitoa kalamu akaandika swali langu, akaniambia "sijui, nitakujibu Alhamisi". Alhamisi akajibu. Jibu lilikuwa baya, lakini lilikuja Alhamisi.

Mzee wa Kijiweni

Huyo wa Alhamisi mpe kura.

Nimechoka Kungoja

Mzee, ndio nalia nalo hilo. Chama chake kinataka kunifuta.

Mzee wa Kijiweni

Basi sina la kusema, binti yangu. Pole.

Dada wa Daftari

Nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, ni mwisho wa mwezi na vitabu vya watu haviningoji.

Nimechora safu ya tatu, kwa rula. Ukurasa wa Clinton ukabadilika sura. Alidhani kalamu ni yake kwa kuwa yeye ndiye amiri jeshi mkuu, kumbe Bunge na majenerali walikuwa wameishika ncha nyingine. Bado simsamehei 1996, maana saini ile hakuna aliyemshika mkono. Ukurasa wa Uingereza safu ya tatu haina cha kusingizia: tangu Desemba 2019 chama tawala kilikuwa na wingi wa kutosha bungeni, kalamu mkononi na karatasi mezani. Niliandika hivyo nikakaa nikiitazama kwa muda.

Halafu nikafanya wagombea wetu, usiku mmoja, wanne. Wawili ahadi zao zinahitaji kura ambazo vyama vyao havitapata hata kwa miujiza. Mmoja ameahidi "kulitazama suala hili kwa mapana", hiyo nimeipeleka kwenye hasara moja kwa moja. Wa nne ameahidi jambo dogo: shule zote za serikali ziwe na mtu wa kupokea malalamiko ya wanafunzi wanaoonewa kwa sababu hii, na amesema litafanyika kwa waraka wa wizara, kabla ya muhula wa pili. Dogo, linafutika, lakini lina kalamu na lina tarehe. Nimempigia mtu wa ofisi yake nikamwuliza maswali ya Nimechoka, la fomu na la dirisha. Kaniambia nipige tena keshokutwa. Nitapiga.

Nikampigia mdogo wangu nikamsomea yote, pamoja na ya Muumini. Alikuwa kimya nikadhani amelala. Kwenye ukurasa wa Uingereza akaniuliza, "Hapo kulia umeandika nini?" Nikamwambia, hapo kulia pako wazi. Akasema, "Andika zile wiki tatu." Nikamwambia hizo si za serikali ile, ni za nyumbani kwetu. Akasema anajua ni za nani, niziandike tu, na kwenye safu ya tatu niandike nani alifunga begi.

Nimeandika. Jina langu limo, kwa sababu zipu ilikuwa mbovu na mimi ndiye niliyeishikilia.

Kuhusu kura hakusema ataenda, hakusema haendi. Kaniuliza kituo kinafunguliwa saa ngapi. Nikamwambia saa moja asubuhi. Akasema, "Mapema hivyo?" akakata simu. Jumapili ya kura daftari nitalibeba kwenye mkoba, na saa kumi na mbili na nusu nitakuwa nje ya mlango wake.